Thomas Lincoln, Mchonga Boriti na Mkulima: Habari za Ukoo Wake

Katika kazi ya kukusanya habari za koo, walimu wengi huanza na wakuu: mfalme fulani, jumbe fulani, shujaa fulani wa vita. Watu wa shoka na jembe husahauliwa, kana kwamba hawakuwa na baba wala babu. Lakini taifa lo lote limejengwa kwa mikono yao, na ukiwatafuta kwa saburi utaona ya kuwa wameacha alama: katika vitabu vya kanisa, katika daftari za baraza, katika hati za mashamba, na katika majina waliyowapa watoto wao. Kwa hiyo tumechagua kueleza hapa habari za mtu mmoja wa namna hiyo, Thomas Lincoln wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1778 akafa mwaka 1851. Kazi yake ilikuwa kukata miti, kuchonga boriti, kufanya useremala na kulima. Wasomaji wetu wanamjua mwanawe, Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa nchi ile. Lakini katika makala hii mwana atasimama nyuma ya baba, isipokuwa pale ambapo hatuwezi kumweleza mmoja bila mwenziwe.

Tuna sababu nyingine pia. Thomas Lincoln alisemwa vibaya muda mrefu. Baada ya mwanawe kuuawa mwaka 1865, watu walitaka kujua chimbuko lake, na wasimulizi wengi wakaona inapendeza kumfanya baba kuwa mvivu, mzururaji, mtu asiyefaa kitu, ili utukufu wa mwana uzidi kung'aa. Je, ni kweli? Swali hili si dogo, kwa maana marehemu hana kinywa cha kujitetea, na hukumu iliyokwisha kuandikwa kitabuni hurithiwa na vizazi. Na tumpime basi kwa ushahidi.

Shina la ukoo

Mtu wa kwanza wa ukoo huu kuvuka bahari ni Samuel Lincoln, mfuma nguo, aliyebatizwa mwaka 1622 katika mji mdogo wa Hingham, jimbo la Norfolk, Uingereza. Mwaka 1637 alipanda merikebu, akafika Massachusetts, akakaa katika kijiji ambacho wahamiaji walikiita Hingham kwa kukumbuka kwao. Mwanawe Mordecai alikuwa mhunzi, akahamia Scituate, akawa na kinu cha kusagia nafaka na kinu cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Hapo kazi ya miti inaonekana mara ya kwanza katika ukoo. Mwana wa huyo, Mordecai wa pili, alikwenda New Jersey, kisha Pennsylvania, akashughulika na kazi ya chuma. Akafa mwaka 1736. Mwanawe John alishuka kusini katika mwaka wa 1768 akalima katika bonde la Shenandoah, Virginia. Naye John akamzaa Abraham, aliyekuwa kapteni wa askari wa jimbo. Na huyo ndiye baba yake Thomas.

Msomaji ataona ya kuwa kila kizazi kiliondoka mahali pa baba yake. Haikuwa kwa kupenda kutangatanga. Shamba moja halikutosha kugawanywa kwa wana wengi, na mbele yao daima palikuwa na msitu. Lakini tusisahau kwamba msitu ule haukuwa mtupu. Ulikuwa na wenyewe, makabila ya asili ya Marekani, waliowinda na kulima humo tangu zamani za mababu, nao hawakukubali kunyang'anywa pasipo kupigana.

Sasa lipo jambo moja ambalo walimu wetu watalipenda. Mwaka 1848, Abraham Lincoln mjukuu, alipokuwa mjumbe wa Bunge, aliandikiwa barua na mtu wa Hingham, Massachusetts, jina lake Solomon Lincoln, akiulizwa habari za wazee wake. Akajibu kwamba babu yake alitoka Virginia, na baba wa babu alitoka Pennsylvania. Zaidi ya hapo hajui. Akaongeza habari ya kinywa tu, kwamba huyo mzee wa Pennsylvania alikuwa wa dhehebu la Waquaker. Hakujua habari ya Massachusetts, wala ya Norfolk. Lakini alitaja jambo moja dogo: ya kuwa majina Abraham na Mordecai yalikuwa ya kawaida katika ukoo wao. Na kumbe majina hayo yalikuwa yakirudiwa na akina Lincoln wa Hingham pia! Jina Mordecai si la kawaida sana. Kuliona pande zote mbili ni kama kuona chapa moja juu ya ng'ombe wa mazizi mawili. Baadaye wachunguzi walipekua vitabu vya ubatizo vya Uingereza na hati za Marekani, na katika kitabu cha Waldo Lincoln cha mwaka 1923 mlolongo wote ukaonekana umeunganika.

Desturi hii si ngeni kwetu. Makabila mengi ya Afrika ya Mashariki humpa mtoto jina la babu yake, na mtu akikutajia majina ya wanawe, amekwisha kukutajia nusu ya nasaba yake pasipo kujua. Mtu aweza kusahau nchi alikotoka babu yake, jina lisisahauliwe.

Kifo cha baba na sheria ya mirathi

Kapteni Abraham alihamia Kentucky yapata mwaka 1782. Wakati huo Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia. Haikuwa jimbo la peke yake mpaka mwaka 1792. Alijipatia ardhi nyingi, zaidi ya ekari 5,000. Hata siku moja ya mwaka 1786, alipokuwa shambani pamoja na wanawe watatu, Mordecai, Josiah na Thomas, mashujaa wa wenyeji walitoka msituni wakampiga risasi akafa. Josiah akakimbilia ngomeni kuomba msaada. Mordecai, aliye mkubwa, akaingia ndani ya nyumba akatwaa bunduki. Thomas, mtoto wa miaka minane, alibaki karibu na maiti ya baba yake. Na mmoja wa wale mashujaa alipomkaribia, Mordecai akalenga kutoka dirishani akamwua. Habari hii Thomas aliisimulia kwa watoto wake maisha yake yote, na mwanawe aliandika kwamba ilikazwa moyoni mwake kuliko hadithi zote nyingine.

Lakini risasi ile iliua zaidi ya mtu mmoja. Kwa sheria ya Virginia ya wakati ule, mtu akifa bila wosia, ardhi yake yote ilikwenda kwa mwana wa kwanza. Sheria hiyo ilikwisha kupigiwa kura ya kufutwa, na kufutwa kwake kukaanza kazi tarehe 1 Januari 1787, yaani miezi michache tu baada ya kifo cha Kapteni. Mordecai akarithi, akawa mtu mwenye mali. Thomas hakupata ardhi hata ekari moja. Mjane Bathsheba akawachukua watoto akahamia mahali penye usalama zaidi, na Thomas akakua akifanya kazi za ujira katika mashamba ya watu. Mwanawe aliandika baadaye ya kwamba baba yake alikua pasipo elimu hata kidogo, wala hakujua kuandika zaidi ya kutia sahihi ya jina lake, tena kwa shida.

Twaona hapa asili ya umaskini wake. Wale waliomwita mvivu walimlinganisha na ndugu yake Mordecai, wakasema: tazama, baba mmoja, mama mmoja, huyu ana mali na huyu hana. Hawakuuliza daraja lililowatenga lilijengwa na nani. Halikujengwa na uvivu bali na sheria, na kwa tofauti ya miezi tu.

Mtu wa shoka

Mwaka 1797 tunamkuta Thomas katika mji wa Elizabethtown, Kentucky, akilipwa ujira kwa kazi ya kinu cha Samuel Haycraft. Kisha akajifunza useremala. Mwaka 1803, akiwa na miaka 25, alinunua shamba la ekari 238 kando ya kijito cha Mill Creek kwa pauni 118. Mwana wa yatima asiyepewa urithi, naye anunua shamba kwa fedha aliyoichuma mwenyewe: tangu lini mvivu akafanya hivyo?

Tarehe 12 Juni 1806 alimwoa Nancy Hanks, wakakaa Elizabethtown, akiendelea na useremala. Mwaka 1807 alipatana na bwana mmoja, Denton Geoghegan, kumchongea boriti za kujengea kinu cha kupasulia mbao. Yafaa tueleze kazi hiyo. Mchongaji huchagua mti ulionyooka, akauangusha, akaondoa magamba, akapigilia kamba iliyopakwa rangi ili kupata mstari. Kisha hukata pengo pengo kwa shoka mpaka kufikia mstari, na mwisho hutwaa shoka pana lenye makali ya upande mmoja, akachonga ubavu wa gogo mpaka uwe sawa kama ukuta. Afanye hivyo pande nne. Boriti za kinu hazivumilii kosa, maana gurudumu na msumeno hutikisa nyumba yote. Pembe moja ikienda mrama, kinu chote kitalegea.

Kazi ilipokwisha, Geoghegan hakutaka kulipa, Thomas akamshitaki. Bwana yule naye akamshitaki Thomas, akidai kwamba boriti hazikuwa za mraba wala za urefu uliopatanwa. Shauri likasikilizwa barazani, na haki ikawa kwa Thomas. Daftari za baraza la Hardin zilihifadhi habari hizo. Wala si hizo tu: zilihifadhi pia jina lake miongoni mwa wazee wa baraza waliokaa kuamua mashauri, miongoni mwa walipa kodi, na mwaka 1816 miongoni mwa waliowekwa kuangalia matengenezo ya barabara. Katika orodha ya kodi ya mwaka 1814, kati ya wenye mali 98 Thomas alikuwa wa 15. Mambo hayo yaliletwa nuruni na mchunguzi Louis A. Warren, aliyekuwa mhubiri, katika kitabu chake cha mwaka 1926, baada ya kuzipekua daftari za mabaraza ya Kentucky. Kwa muda wa miaka 60 watu walikuwa wamesimulia, na daftari zimelala kabatini.

Mali bila daftari

Wahenga wetu wamesema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ndiyo historia ya Thomas katika Kentucky.

Nchi ile ilikuwa imegawanywa ovyo. Kila mtu alijipimia ardhi yake mwenyewe kwa kufuata alama za asili: kuanzia mwaloni huu mpaka jiwe lile, kisha kufuata kijito mpaka mti wenye alama. Mwaloni ukianguka, kijito kikihama, mpaka umepotea. Madai yakapandana kama vigae vya paa, shamba moja likawa na wenyewe watatu. Thomas alishika mashamba matatu, na yote matatu yakamtokea puani. Shamba la Mill Creek lilipopimwa upya lilionekana limepungua ekari 38, naye akaliuza mwaka 1814 kwa pauni 100, hasara ya pauni 18. Shamba la pili, la Sinking Spring, alilinunua mwezi wa Desemba 1808 kwa dola 200. Hapo ndipo Abraham alipozaliwa, tarehe 12 Februari 1809. Lakini mwenye shamba wa zamani alikuwa hajalipwa deni lake, na hati ikawa na dosari, Thomas akapoteza shamba. La tatu lilikuwa Knob Creek, ambako alihamia mwaka 1811. Huko akaja kushitakiwa, yeye pamoja na jirani zake, na warithi wa mtu wa mbali waliodai nchi yote ile kuwa yao.

Tena palikuwa na jambo la utumwa. Katika jimbo la Hardin watumwa walikuwa wengi, na mtu huru aishiye kwa shoka lake alikuwa akishindana na bwana ambaye wachongaji wake hawalipwi. Ndugu na wajomba wa Thomas wenyewe walikuwa na watumwa. Yeye hakuwa na mmoja. Kanisa la Wabaptisti la mtaa wao lilipasuka kwa ajili ya jambo hilo mwaka 1808, na Thomas na Nancy wakafuatana na wale waliokataa utumwa. Hata hivyo tusimpake rangi ya mtakatifu. Daftari zile zile zinazomsafisha na uvivu zinaonyesha pia kwamba aliwahi kuwekwa katika ulinzi wa doria, ambao kazi yake mojawapo ilikuwa kuwazuia watumwa wasitembee usiku. Ushahidi wa kweli hukata huku na huku. Nasi hatuna ruhusa ya kuchukua nusu unaotupendeza na kuuacha mwingine.

Mwezi wa Desemba 1816 Thomas akawavusha mke na watoto mto Ohio, akaingia Indiana, jimbo lililopokewa katika muungano mwezi ule ule. Mwanawe alieleza baadaye ya kuwa walihama kwa sehemu kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa sababu ya matata ya hati za ardhi. Indiana ilikuwa na mambo mawili ambayo Kentucky haikuwa nayo. Kwanza, amri ya mwaka 1787 ilikataza utumwa kaskazini mwa Ohio. Pili, kwa amri ya mwaka 1785 nchi ilipimwa na Serikali kabla ya kuuzwa, ikakatwa miraba mikubwa ya maili sita kila upande, na kila mraba vipande 36 vya ekari 640. Mtu alinunua robo ya kipande, ekari 160, kutoka kwa Serikali yenyewe, naye hakuwa na haja ya kubishana habari za mwaloni. Mwaka 1817 Thomas alikwenda mpaka Vincennes kwenye ofisi ya ardhi, akaandikisha ekari 160 kwa bei ya dola 2 kila ekari, akatoa malipo ya kwanza. Mwaka 1827 akarudisha nusu, ili malipo yake yatimize bei ya nusu iliyobaki. Akapata ekari 80 zenye hati safi. Alikuwa na umri wa miaka 49, na hatimaye alikuwa na shamba ambalo hakuna mtu angeweza kumtoa.

Nyumba ya msituni

Little Pigeon Creek, walipokaa, palikuwa msitu mnene wa miti mikubwa. Kulima kulianza kwa kuangusha. Mtoto Abraham hakuwa ametimiza miaka minane alipotiwa shoka mkononi, na aliandika kwamba tangu wakati ule mpaka mwaka wake wa 23 shoka halikumtoka mkononi ila wakati wa kulima na kuvuna. Miti iliyonyooka ilijenga nyumba, mingine ilipasuliwa kwa kabari kuwa mapau ya kuzungushia shamba, iliyobaki ikachomwa moto. Kati ya visiki wakapanda mahindi.

Mwaka 1818 ulikuja msiba. Ugonjwa ulioitwa ugonjwa wa maziwa uliingia mtaani, ukawaua watu kadha wa kadha wa jamaa zao, na tarehe 5 Oktoba ukamwua Nancy. Watu wa wakati ule hawakujua chanzo chake. Katika karne ya 20 wataalamu walithibitisha ya kuwa ng'ombe hula jani fulani la msituni lenye maua meupe, na sumu yake hupita katika maziwa. Thomas alichukua mbao akamtengenezea mkewe jeneza, kama alivyowatengenezea jirani zake wengine waliokufa. Na jamaa yao Dennis Hanks alisimulia kwamba mtoto Abraham alichonga vigingi vya kuzipigia mbao zile. Daftari ya baraza isingetuambia neno kama hilo. Tumelipata kwa kinywa cha mtu aliyekuwapo.

Mwaka uliofuata Thomas alirudi Elizabethtown, akamwoa mjane Sarah Bush Johnston, tarehe 2 Desemba 1819, akamleta Indiana pamoja na watoto wake watatu. Mama huyo wa kambo hakujua kusoma, lakini alimpenda mtoto asomaye. Kanisa la Little Pigeon lilipojengwa, Thomas alikuwa mmoja wa maseremala wake, na mwaka 1823 akapokewa kuwa mshirika, akachaguliwa kuwa mmoja wa wasimamizi. Kabati za pembeni alizotengeneza kwa ajili ya jirani zake zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Ukiziangalia, viungo vyake vimeshikana na nakshi zake zimepangwa kwa mkono usio na haraka. Huo nao ni ushahidi, na pengine ndio ushahidi mkuu, kwa kuwa kabati halijui kusema uongo.

Baba na mwana

Tukiishia hapo tutakuwa tumemtetea Thomas, lakini hatutakuwa tumesema yote. Kati yake na mwanawe palikuwa na ufa. Kwa sheria na desturi ya wakati ule, kazi ya kijana ilikuwa mali ya baba yake mpaka atimize miaka 21. Thomas alimkodisha Abraham kwa jirani, na ujira akauchukua yeye. Masomo yote ya shule ya Abraham, alisema mwenyewe, hayakutimia mwaka mmoja. Kuhusu vitabu, mashahidi wawili wanapingana. Dennis Hanks alisema kwamba baba alimpiga mtoto mara nyingine kwa ajili ya kusoma. Lakini Sarah Bush, alipoulizwa mwaka 1865 na William Herndon, aliyekuwa mwanasheria mwenzi wa Abraham, alisema kwamba mumewe hakumkatiza mtoto kusoma kama angeweza kuepuka, na kazi yenyewe angeifanya yeye kwanza. Tumsadiki nani? Yamkini wote wawili waliona waliyosema. Mkulima mwenye vinywa vingi nyumbani na shamba lenye visiki aweza kukipenda kitabu jioni, akakichukia asubuhi.

Mwaka 1830 jamaa yote ikahamia Illinois, kwanza karibu na Decatur, kisha jimbo la Coles. Abraham akajitenga akaenda kutafuta maisha yake. Mwaka 1841 alimpa baba yake dola 200 kwa ekari 40 za shamba lake, akawaachia wazazi walitumie muda wa uhai wao. Lakini Thomas alipokuwa mgonjwa sana mwanzo wa mwaka 1851, mwana hakwenda. Alimwandikia ndugu yake wa kambo ya kuwa mkewe ni mgonjwa, na kwamba kama wangeonana, pengine uchungu ungezidi furaha. Akamwagiza amkumbushe baba kumtumaini Mwumba wake. Thomas akafa tarehe 17 Januari 1851. Mwana hakuwapo maziko.

Wasomaji wetu wataliona jambo hili kuwa zito, maana kwetu mwana asiyefika maziko ya baba huulizwa na ukoo mzima. Hatutaki kumhukumu wala kumtetea. Twasema tu kwamba mwaka 1853 Abraham alipata mwana wa nne, akampa jina Thomas. Baba alikuwa amekufa miaka miwili. Barua ilikuwa imekataa, jina likakubali.

Na mkono wa baba haukumwacha. Mwezi wa Mei 1860, katika mkutano wa chama chake huko Decatur, jamaa yake John Hanks aliingia na mapau mawili yaliyosemwa kuwa miongoni mwa yale waliyopasua pamoja mwaka 1830, na tangu siku ile watu wakamwita Mpasua Mapau. Tarehe 20 Mei 1862, akiwa Rais, alitia sahihi sheria ya kuwapa wakulima ardhi ya Serikali ekari 160, kipimo kile kile ambacho baba yake alikwenda kuandikisha Vincennes, naye mkulima asilipe ila ada ndogo, mradi akae juu yake miaka mitano na kuilima. Tarehe 1 Januari 1863 alitoa tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Hati za ardhi na utumwa: mambo mawili yaliyomfukuza Thomas katika Kentucky.

Sarah Bush aliishi mpaka mwaka 1869, akazikwa kando ya mumewe katika makaburi ya Shiloh. Uzao wa Abraham ulikoma mwaka 1985 alipokufa kitukuu wake wa mwisho. Lakini akina Lincoln wengine, wa uzao wa Samuel yule mfuma nguo, ni wengi.

Mafunzo kwa wakusanya habari

Basi mwalimu atakayekusanya habari za ukoo katika mtaa wake, ajifunze nini? Kwanza, asikilize majina, na jinsi yanavyorudia, hata msimulizi akiwa amesahau mengine yote. Pili, asidharau daftari: kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha mashauri, cha kodi. Kasisi aliyeandika mwaka 1622 jina la mtoto wa mtu wa kawaida hakujua kwamba yaandikwa kwa ajili yetu. Nasi tuyaandikayo leo katika vitabu vyetu tuyaandike kwa hati inayosomeka. Tatu, awaulize wanawake. Kama Herndon asingalimwendea yule mama mzee, tungalikuwa na ushahidi wa upande mmoja tu. Nne, auone mkono wa mtu katika kazi yake: mlango, kinu, mtumbwi, kiti. Na mwisho, asipokee hukumu juu ya maiti kwa sababu imependeza masikioni. Thomas Lincoln aliitwa mvivu na watu ambao hawakuwahi kuchonga boriti hata moja. Ilichukua miaka 60 kwa mtu mmoja kuondoka, kwenda mpaka kabati la baraza, na kufungua daftari.